Kuchunguza Dhana Zako na Maadili Yako Unapotafiti Darasa Lako Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Walimu wanaotafiti madarasa yao wenyewe hukwama mahali pamoja. Msimamizi anarudisha andiko akiwa ameandika pembeni "chunguza dhana zako", yaani yale unayoyachukulia kuwa kweli bila kuyapima, nao wanaongeza aya moja: mimi ni mwalimu mzoefu, naamini kila mtoto anaweza kujifunza, nilijitahidi nisipendelee. Andiko linarudi tena. Wanaongeza aya ya maadili: washiriki walitia saini fomu za ridhaa na majina yao yamefichwa. Linarudi mara ya tatu.

Kinachokosekana ni ushahidi. Ukikaa ukajiuliza unaamini nini kuhusu wanafunzi wako, jibu litakalokuja ni lile unalolipenda. Dhana inayoongoza ufundishaji wako imo katika yale uliyoyatenda: ulimwita nani, ulisubiri jibu kwa muda gani, uliandika nini kwenye daftari la nani. Na maadili hayamaliziki kwenye fomu, kwa sababu anayeombwa ridhaa hapa ni mwanafunzi, na anayeiomba ndiye atakayemsahihishia mtihani.

Mwongozo huu umelengwa kwa mwalimu anayefanya utafiti tendaji, yaani anayechunguza kazi yake mwenyewe ili aiboreshe, au anayeandika tasnifu juu ya darasa lake. Mwalimu asiye na mpango wa kuandika chochote naye atafaidika na hatua ya 1, ya 2, ya 4 na ya 5.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi ambalo hutalitumia kwa maandalio ya somo. Gawa kila ukurasa safu mbili: kushoto kilichotokea, kulia ulichofikiri kuhusu kilichotokea.
- Kinasa sauti. Simu inatosha. Acha video isipokuwa swali lako linahusu mwendo au ishara za mwili. Video inabeba nyuso, na nyuso zinaongeza mzigo wa kuzilinda.
- Mchoro wa viti vya darasa lako, nakala kadhaa.
- Kazi za wanafunzi ulizokwisha kuzisahihisha muhula huu.
- Mwalimu mwenzako mmoja ambaye si bosi wako na wewe si bosi wake.
- Kanuni za maadili ya utafiti za taasisi yako, nakala halisi uliyoisoma mwenyewe. Usitegemee maelezo ya kuambiwa.
- Wiki nne au tano ambazo hazigusani na mitihani.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Wakati wa mitihani kila mtu darasani anatenda tofauti, wewe ukiwa wa kwanza, na dhana utakazozikuta ni za msimu huo tu.

## Hatua ya 1: Chagua tukio moja linalojirudia

Usichunguze "ufundishaji wangu". Chagua tendo dogo unalolifanya karibu kila kipindi: kuuliza maswali ya mdomo, kupanga vikundi, kuandika maoni kwenye insha, kumshughulikia anayechelewa.

Sababu ni kwamba dhana hujificha kwenye mazoea. Jambo kubwa unalolifanya mara moja kwa mwaka unalifikiria kwanza. Lile la kila siku linajiendesha lenyewe, na humo ndimo imani zako zinafanya kazi bila kukuomba ruhusa.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: mwalimu anayechunguza namna anavyouliza maswali ya mdomo.

*Umefaulu kama* mtu mwingine anaweza kuketi nyuma ya darasa na kuhesabu tendo hilo kwa kuweka alama ya mstari kila linapotokea. Kama hawezi kulihesabu, bado ni pana mno.

## Hatua ya 2: Andika unachoamini, kabla ya kuangalia chochote

Chukua daftari. Andika sentensi kumi au zaidi kwa muundo huu: *Naamini kwamba… kwa hiyo huwa nafanya…*

Nusu ya pili ya sentensi ndiyo yenye thamani. "Naamini kila mtoto anaweza" haimgharimu mtu kitu. "Naamini wanaokaa kimya hawajajiandaa, kwa hiyo huwa napita haraka kwenda kwa mwingine" inaweza kupimwa, na inaweza kukutwa si kweli.

Stephen Brookfield, aliyeandika sana juu ya tafakuri ya walimu, hugawa dhana katika aina tatu, na mgawanyo huo unasaidia sana mahali hapa. Zipo dhana za sababu, zinazosema jambo fulani huleta jambo fulani: nikisahihisha kila kosa, wataacha kukosea. Zipo dhana za wajibu, zinazosema mwalimu au mwanafunzi mwema anapaswa kufanya nini: mwanafunzi makini huuliza maswali. Na zipo dhana za msingi, zile zilizo chini kabisa, ambazo mwenye nazo haoni kama ni dhana. Anaona ni hali halisi ya dunia: akili ni kitu ambacho wengine wanacho zaidi.

Anza na za sababu, kwa kuwa zinapimika. Kisha kwa kila moja jiuliza: ili hii iwe kweli, ni nini kingine lazima kiwe kweli? Utashuka hadi kwenye dhana ya wajibu, halafu ya msingi. Mwalimu wa mfano wetu aliyeandika "wanaokaa kimya hawajajiandaa" akishuka hivyo atakuta "aliyejiandaa huwa tayari kujibu", na chini yake "kujua ni kuweza kusema mbele za watu". Sentensi ya mwisho hangeiandika siku ya kwanza.

Tahadhari: usifute wala kurekebisha orodha hii baadaye, hata ikikuaibisha. Andika tarehe juu ya ukurasa na uuache ulivyo. Huu ndio ushahidi wako kwamba ulibadilika, au hukubadilika.

*Umefaulu kama* angalau sentensi mbili zinakufanya usite kumwonyesha mkuu wako wa shule.

## Hatua ya 3: Pata ruhusa, na uitafute kwa mtu anayeweza kukataa

Hapa pana uzito, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Jua ni lini kufundisha kunageuka utafiti

Kurekodi kipindi chako ili ujisikilize jioni na kujirekebisha ni sehemu ya kazi ya ualimu, ilimradi kanuni za shule zinaruhusu kurekodi na wanafunzi wanajua kwamba unarekodi. Siku unapokusudia kutumia rekodi hiyo, au kazi za wanafunzi, katika maandishi yatakayosomwa na wengine, umekuwa mtafiti na unahitaji idhini ya utafiti.

Kosa linalojitokeza sana ni la kurudi nyuma: mwalimu anakusanya insha kwa ajili ya alama, anaona zinavutia, anaziingiza kwenye tasnifu. Wanafunzi waliandika wakiamini zinasomwa kwa ajili ya alama tu. Kama unadhani utazihitaji, omba kabla. Kama umeshazikusanya, rudi kwa wenyewe uwaombe, na kubali kuzikosa.

### Tatizo la mamlaka

Ripoti ya Belmont, waraka wa kuwalinda watu wanaotafitiwa uliotolewa Marekani mwaka 1979, iliweka misingi mitatu ambayo kamati nyingi za maadili, zile zinazoidhinisha tafiti, bado zinaitumia kupima kazi: kuheshimu watu, kuwatendea wema bila kuwadhuru, na haki katika kugawa mizigo na faida. Msingi wa kwanza ndio unaodai ridhaa ya hiari. Hiari ni jambo gumu pale ambapo anayeomba ana kalamu nyekundu.

Mwanafunzi hahitaji kutishwa ili aogope. Anajua utaona jina lake kwenye orodha ya waliokataa. Anajua wewe ndiye utakayemwandikia barua ya mapendekezo. Hata akikupenda, huko kukupenda kunambana: hataki kukuangusha.

Fanya hivi:

1. Mtu mwingine, si wewe, aeleze utafiti darasani na kukusanya fomu. Wewe toka nje.
2. Fomu zifungwe kwenye bahasha na akae nazo huyo mtu hadi alama za muhula ziwe zimekwisha kutolewa. Ndipo ujue nani alikubali. Kwa muda wote wa kufundisha hutajua, na kwa hiyo hutaweza kumtendea mtu tofauti hata bila kukusudia.
3. Kila mwanafunzi arudishe bahasha, aliyekubali na aliyekataa, ili asijulikane kwa kutorudisha.
4. Waliokataa wapate somo lilelile, kazi zilezile na muda uleule wako. Kukataa kunaondoa data yao kwenye utafiti. Wao wenyewe wanabaki darasani kama kawaida.
5. Taja namna ya kujitoa baadaye, kupitia mtu huyohuyo, bila kutoa sababu.

Kama kamati yako inataka utaratibu tofauti, fuata wa kamati. Lakini kama wanakuruhusu kusimama mbele na kugawa fomu mwenyewe, usijipe ruhusa hiyo.

### Watoto

Saini ya mzazi au mlezi haitoshi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake. Kwa hiyo tafuta ridhaa mbili: ya mlezi, na ya mtoto kwa lugha anayoielewa.

Mtoto mdogo anaweza asiseme "sitaki". Atageuza uso, atajibu neno mojamoja, atakumbuka ghafla kwamba anahitaji kwenda msalani. Huko ni kukataa. Zima kinasa sauti umshukuru.

### Usiahidi siri usiyoweza kuitunza

Mwanafunzi anaweza kukueleza katika mahojiano kwamba anapigwa, au anataka kujidhuru. Mwalimu ana wajibu wa kumlinda mtoto, na wajibu huo hausimami kwa sababu umewasha kinasa sauti. Sema mwanzoni, kabla ya swali la kwanza: "Utakayoniambia sitayasambaza, isipokuwa nikisikia kwamba wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo itabidi nitafute msaada, na nitakuambia kwanza." Jua mapema utampelekea nani taarifa.

*Umefaulu kama* unaweza kueleza, kwa sentensi moja, ni njia gani mwanafunzi anaweza kukataa bila wewe kujua.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi wa ulichotenda

Rekodi vipindi vinne au vitano vya kawaida. Usichague vile ulivyojiandaa sana. Cha kwanza usikitumie. Wewe na wanafunzi bado mnakisikia kinasa sauti.

Kwa maswali ya mdomo, kusanya mambo matatu.

Nani aliitwa. Mwombe mwenzako aketi nyuma na mchoro wa viti, aweke mstari kwenye kiti kila unapomwita aliyekaa hapo. Mwishoni mchoro utaonyesha sehemu zilizojaa mistari na sehemu tupu. Kabla ya kuutazama, andika unavyodhani utaonekana.

Ulisubiri kwa muda gani. Sikiliza rekodi ukiwa na saa. Mary Budd Rowe, aliyesikiliza rekodi za masomo ya sayansi, aligundua katika tafiti zake za miaka ya 1960 na 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali kabla ya kulirudia, kulijibu wenyewe au kumwita mwingine. Walipofikisha sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wengi zaidi walijitolea kujibu, na kutojibu kulipungua. Ukipima sekunde zako, pima mahali pawili: baada ya swali lako, na baada ya jibu la mwanafunzi. Watu husahau mahali pa pili.

Kisha tenganisha muda huo kwa wanafunzi unaowaona "wazuri" na wale unaowaona "wazito". Hapa ndipo dhana hutoka mafichoni.

Ulisema nini baada ya jibu. Nakili maneno yako yenyewe, neno kwa neno, hata "mmh" na "haya". Usifupishe. "Nilimpongeza" ni tafsiri, "Vizuri. Mwingine?" ni ushahidi, na ukiisoma mara mbili utaona kwamba haikuwa pongezi.

Kwa waliochagua maoni kwenye insha, kazi ni ileile: panga insha kwa alama, kisha nakili maoni yote uliyoandika bila majina. Angalia kama wenye alama za juu wanapata maswali ("ungesemaje kwa anayepinga?") ilhali wenye alama za chini wanapata amri ("rekebisha sarufi").

Tahadhari: ukishajua unarekodiwa utaanza kusubiri zaidi na kuwaita wa pembeni. Usipambane na hilo. Liandike kwenye safu ya kulia ya daftari, na uone kama linadumu hadi kipindi cha nne.

## Hatua ya 5: Linganisha orodha na ushahidi

Weka kurasa za hatua ya 2 kando ya ulichokusanya. Chris Argyris na Donald Schön, mwaka 1974, walitofautisha nadharia ambayo mtu anasema anaifuata na nadharia inayoonekana katika matendo yake. Walichosisitiza ni kwamba mwenyewe mara nyingi hajui kuwa ziko mbili. Kazi yako sasa ni kuandika ile ya pili: *kwa kutazama matendo haya tu, mtu asiyenijua angesema naamini nini?*

Tuseme mwalimu wetu anakuta kwamba anawasubiri wanafunzi wa safu mbili za mbele kwa sekunde 3, na wengine kwa sekunde 1. Mtu asiyemjua angesema: "Huyu anaamini kwamba waliokaa nyuma hawana jibu." Na ule ukimya wa nyuma, ambao mwalimu aliutumia kama ushahidi kwamba hawakujiandaa, huenda umetokana na yeye kutowapa nafasi. Dhana imejitengenezea uthibitisho wake.

Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walionyesha jambo la aina hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968. Waliwaambia walimu wa shule moja ya msingi kwamba watoto fulani wanatarajiwa kuchanua kiakili mwaka huo, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Katika madarasa ya chini kabisa, watoto hao walionekana kupanda zaidi ya wenzao katika jaribio la akili. Ukubwa wa athari hiyo umebishaniwa sana tangu hapo, na hupaswi kuunukuu kama kwamba matarajio ya mwalimu huamua kila kitu. Swali la kubeba kutoka humo ni dogo: ni tendo gani langu linalobeba matarajio yangu hadi kwa mwanafunzi? Kwa mfano wetu, ni zile sekunde.

### Tafuta kinachokupinga

Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia wagundue kanuni iliyozipanga, kwa kutoa namba nyingine tatu tatu na kuambiwa kama zinafuata kanuni. Wengi walidhani ni namba zinazopanda kwa mbili, wakawa wanajaribu 8, 10, 12 na mfano wake, na kila mara wanaambiwa ndiyo. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Walioendelea kutafuta "ndiyo" peke yake hawakupata kuijua.

Basi kwa kila dhana andika: *ningeona nini kama dhana hii si kweli?* Halafu kitafute. Kama wakimya hawajajiandaa, kazi zao za maandishi zinapaswa kuwa dhaifu. Toa yale madaftari uliyokwisha kusahihisha. Ukikuta wawili au watatu wameandika majibu mazuri ya maswali yaleyale ambayo hawakuyajibu kwa mdomo, dhana imepata ufa.

Na ichunguze kwa haki. Dhana nyingine zitasimama. Uzoefu wa mwalimu si adui wa ukweli, na anayetoka kwenye zoezi hili akidai kwamba kila alichoamini kilikuwa kibaya hakuchunguza chochote. Amebadilisha tu wimbo.

*Umefaulu kama* una angalau dhana moja iliyosimama, moja iliyoanguka, na moja ambayo huwezi kuiamua bila kuwauliza wanafunzi.

## Hatua ya 6: Waulize wanafunzi

Usiulize "je, mimi ni mwalimu wa haki?" Utapata jibu la adabu. Uliza juu ya tukio, na kwa karatasi isiyo na jina: "Mara ya mwisho ulipojua jibu lakini hukunyoosha mkono, nini kilikuzuia?"

Kama unaujua mwandiko wa kila mmoja wao, na mwalimu huujua, basi karatasi isiyo na jina si siri. Mtu wa bahasha wa hatua ya 3 azikusanye na kukupigia chapa. Wanafunzi waelezwe hilo kabla ya kuandika.

Soma majibu mara mbili. Mara ya kwanza utatafuta nani aliandika nini. Kila mtu hufanya hivyo, na ni vigumu kujizuia. Yaweke kando hadi kesho yake, kisha soma kwa swali moja: hapa kuna sababu gani ambayo haimo kwenye orodha yangu? Huenda mwalimu wetu akakuta "ukiita jina langu wote wanageuka", au "nilikuwa bado natunga sentensi ukamwita mwingine". Zote mbili hazina uhusiano na kujiandaa.

## Hatua ya 7: Mpe mwenzako

Nyani haoni kundule, kwa hiyo hatua hii haina mbadala. Mpe mwenzako kipande cha nakala ya rekodi, kisichozidi kurasa mbili, majina yakiwa yameondolewa. Usimpe tafsiri yako. Mwambie aandike anachokiona na kinachomshangaza, halafu ndipo mkutane.

Mkikutana, kwa dakika kumi za mwanzo usijitetee. Andika tu. Kila mahali unapohisi kusema "lakini hukuwa na muktadha", weka nyota pembeni. Baadaye rudi kwenye nyota hizo: mara nyingi muktadha unaotaka kuutoa ni dhana nyingine ambayo hujaiandika.

Kama mwenzako anakubaliana nawe kwa kila kitu, mna dhana moja ninyi wawili. Tafuta mwingine anayefundisha somo tofauti.

## Hatua ya 8: Weka kumbukumbu ya maamuzi ya maadili

Idhini ya kamati inahusu mpango. Darasani yatakuja mambo ambayo mpango haukuyaona, na utaamua ukiwa umesimama na chaki mkononi. Mwanafunzi anaanza kulia katikati ya mahojiano. Mkuu wa shule anataka kujua nani alisema nini. Mbinu mpya unayoijaribu na kundi moja inaonekana kufanya kazi, na kundi la pili linaikosa.

Kwa kila jambo la namna hiyo andika siku hiyohiyo: kilichotokea, njia zilizokuwepo, niliyoichagua, nani aliibeba gharama. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.

Kuhusu lile la makundi mawili: panga tangu mwanzo kwamba kundi la pili litapata mbinu hiyo baadaye, kabla muhula haujaisha. Kama ratiba haiwezi kuruhusu hilo, badilisha muundo wa utafiti. Muda wa mwanafunzi darasani haurudi, na si wako kuutumia kwa majaribio.

Kuhusu mkuu wa shule: jibu lake liwe limeandaliwa kwenye barua ya ruhusa uliyompelekea, yenye sentensi inayosema kwamba hatapewa majina wala rekodi ghafi. Ni rahisi kumkumbusha alichokubali kuliko kumkatalia uso kwa uso.

## Hatua ya 9: Andika

Sehemu ya nafasi ya mtafiti, pale unapoeleza wewe ni nani kuhusiana na unachokitafiti, isiwe wasifu wako. Jinsia, umri na miaka ya kazi viingie pale tu vinapoeleza kitu ambacho uliona au hukuona. Linganisha aya hizi mbili.

Dhaifu: *Kama mwalimu mzoefu nilifahamu kwamba ningeweza kuwa na upendeleo, hivyo nilijitahidi kuwa mkweli na kutoegemea upande wowote.*

Imara: *Kabla ya kukusanya data niliandika kwamba wanafunzi wakimya hawajajiandaa. Rekodi zilionyesha kwamba niliwasubiri wa safu za nyuma kwa theluthi moja ya muda niliowasubiri wa mbele. Madaftari ya watatu kati ya wakimya yalikuwa na majibu sahihi. Tangu hapo sikuhesabu tena ukimya kama kutojua, na nilizipitia upya kumbukumbu zote za vipindi viwili vya mwanzo nilizokuwa nimezipa maana hiyo.*

Aya ya pili inamwambia msomaji dhana ilikuwa ipi, ilipimwaje, na ilibadilisha nini katika uchambuzi. Sentensi ya mwisho ndiyo wasimamizi wanayoitafuta. Kama dhana yako ilianguka lakini hakuna hata ukurasa mmoja wa uchambuzi uliobadilika, bado hujamaliza.

### Kuficha majina

Jina bandia peke yake halifichi mtu. Jina lako liko kwenye jalada, shule yako inajulikana, na ukiandika "mvulana pekee anayetumia kiti cha magurudumu" darasa zima linamjua. Badilisha au ondoa maelezo yasiyohitajika na hoja. Ikiwa hoja yenyewe inategemea maelezo hayo, muonyeshe mhusika aya hiyo na umuulize kama anakubali itoke. Akisema hapana, aya inatoka kwenye tasnifu, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Usichague majina bandia yanayobeba hukumu, wala usimpe kila mwenye matokeo duni jina la kundi moja la watu. Wape majina kabla ya kusoma matokeo yao.

### Rekodi na fomu

Hifadhi ufunguo wa majina mbali na data. Faili za sauti zifungwe kwa nywila, zisibaki kwenye simu inayozunguka nyumbani, na zisitumwe kwa kundi la ujumbe hata kwa dakika moja. Muda wa kuzitunza umo kwenye kanuni za taasisi yako. Uandike kwenye kalenda, pamoja na tarehe ya kuzifuta.

Kabla ya tarehe hiyo, rudi darasani. Waeleze wanafunzi ulichokikuta, ikiwa ni pamoja na kilichokuhusu wewe, na utakachobadilisha. Wape dakika za kuuliza. Wakikuambia kwamba umewaelewa vibaya mahali fulani, hiyo nayo ni data: iandike, omba ruhusa ya kuitumia, na urekebishe sura ya matokeo kabla ya kuikabidhi.